Intaneti inayokatika na kurudi haina mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumze na kampuni zinazotuuzia intaneti ya faiba (nyuzi za glasi zinazobeba mwanga) majumbani, pamoja na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, inayozisimamia. Mimi ni mstaafu, naishi Rau, hapa Moshi. Kampuni inayonihudumia siitaji jina, kwa sababu ninayoyaeleza nimeyasikia pia kwa wateja wa kampuni nyingine, kuanzia Soweto na Pasua za hapa hapa Moshi hadi kwa ndugu zangu walioko Njiro, Arusha.

Hoja yangu ni moja. Laini ikifa kabisa, fundi anakuja. Atachelewa, mtapiga simu mpaka mchoke, lakini atakuja, kwa sababu kwenye kompyuta yao kuna alama ya hitilafu na haiondoki mpaka mtu apande nguzo. Lakini laini inayokatika alasiri, ikarudi baada ya dakika chache, ikakatika tena watu wakiwa kwenye chakula cha usiku, hiyo haina mwenyewe. Kila ukipiga simu unaambiwa iko hewani, na ni kweli kwa wakati huo iko hewani.

Mazungumzo yenyewe huwa hivi. Unasikiliza muziki na tangazo la kifurushi kipya, kisha anapokea binti mwenye adabu zake. “Shikamoo baba, nikusaidie nini?” Marahaba mwanangu, intaneti yangu inakatika. “Pole sana baba. Naomba namba ya akaunti.” Unamtajia, unasikia anabonyeza. “Baba, huku kwangu naona uko hewani.” Ndiyo, sasa hivi niko hewani, saa tisa nilikuwa sipo. “Sawa baba. Naomba uzime kifaa, usubiri dakika mbili, halafu uwashe.” Unazima, unawasha. “Imerudi?” Imerudi, maana haikuwa imeondoka. Hujamaliza kuweka simu mezani, ujumbe umeshaingia: Mpendwa mteja, tatizo lako limetatuliwa.

Binti huyo simlaumu. Anasoma aliyowekewa mbele yake, na anapimwa kwa idadi ya simu alizozimaliza. Wanaostahili kuisoma barua hii ni waliomwandikia maneno hayo.

Nina sababu ya kulisemea jambo hili. Kazi yangu ilikuwa laini. Nilianza enzi za Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikapanda nguzo Kibosho, Uru na Marangu, nikafungua jointi za nyaya za shaba chini ya mvua. Sina nia ya kuzipamba enzi zile. Watu walisubiri simu ya mezani kwa miaka, na wapo walioipata wakati hawaihitaji tena. Ila hitilafu ya kuja na kuondoka tulikuwa na adabu nayo. Maji yakiingia kwenye jointi, laini inakwaruza usiku kucha. Jua likitoka inakauka, na fundi akifika saa nne asubuhi anaikuta safi. Msimamizi wetu alikuwa na swali moja tu: ulikuta nini? Ukimjibu kwamba umekuta iko salama, kadi ya hitilafu inarudi mikononi mwako. Kwake yeye, laini iliyopona yenyewe ilikuwa bado mgonjwa.

Sasa nyumbani kwangu anayeumia zaidi na kukatika huku si mimi. Mimi nikikosa habari na mpira nasubiri. Ni binti yangu, anayepanga safari za wageni wa kupanda Mlima Kilimanjaro akiwa hapo hapo sebuleni. Mteja yuko Ujerumani, anataka kujua tofauti ya kulala kwenye mahema njia ya Machame na kulala kwenye vibanda njia ya Marangu, na katikati ya swali sura yake inaganda kwenye kioo, mdomo wazi. Picha ikirudi, mteja ameshakata na ameandika kwamba atawasiliana baadaye. Biashara hii ina washindani wengi Moshi na Arusha. Huyo wa baadaye harudi.

Nilianza kutafuta ubovu ndani ya nyumba yangu, maana mara nyingi ndiko uliko, na si haki kumpandisha mtu nguzo kwa sababu ya ruta iliyofichwa kabatini nyuma ya televisheni. Jirani yangu mmoja alilalamika muda mrefu. Nilipokwenda kwake nikakuta kifaa kiko kwenye kona ya mwisho ya nyumba, kimezungukwa na sufuria, na chumba cha watoto kiko ng'ambo ya kuta tatu za tofali. Tulikihamishia ukumbini, juu ya kabati, shida ikaisha bila kumpigia mtu simu. Vilevile kuna masafa. Wi-Fi ya 2.4 GHz inafika mbali na inapenya ukuta, lakini chaneli zake zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, na kwenye mtaa uliobanana kila nyumba inazigombania. Ile ya 5 GHz ina nafasi zaidi, ila ukuta mnene unaichosha. Mtu asiyejua haya ataona Wi-Fi inasuasua na kuamini kwamba kampuni imemkatia.

Kwangu haikuwa Wi-Fi. Tulichomeka kompyuta ya binti moja kwa moja kwenye kifaa kwa waya, ikakatika vilevile.

Nikaja kwenye umeme. Kiboksi kile cheupe kilichofungwa ukutani, kinachopokea mwanga wa faiba na kuugeuza kuwa intaneti, kinatumia adapta ya volti 12. Adapta ikizeeka, au umeme wa mtaani ukishuka jioni watu wote wakiwa wanapika na kupiga pasi, kifaa kinazimika na kujiwasha, na kuwaka mpaka kutulia kunachukua dakika kadhaa. Mwenye nyumba anaona intaneti imekatika wakati taa ya chumbani haijacheza. Dalili yake ni rahisi: taa zote za kifaa zinazima kwa pamoja, kisha zinaanza kuwaka moja moja. Niliiweka mita yangu ya zamani kwenye adapta nikaona volti zimetulia. Na mtandao ulipokatika, taa ya umeme haikuzima hata mara moja. Hata hivyo nilimnunulia binti betri ndogo ya kukishikilia kifaa umeme ukienda. Hiyo ni fedha ambayo sijutii.

Kisha nikafanya jambo ambalo kila mwenye kompyuta anaweza kulifanya. Nilifungua madirisha mawili ya amri ya ping, inayoita kifaa kingine na kusubiri kijibu, nikayaacha yakimbie mchana kutwa. Moja lilikuwa linaita kifaa chenyewe ukutani, ambacho kwangu anwani yake ni 192.168.1.1. La pili lilikuwa linaita nje, 8.8.8.8, ambayo ni ya Google. Yakikatika yote mawili, ubovu uko kati ya kompyuta na kifaa. La kwanza likiendelea kujibiwa na la pili likinyamaza, nyumba yako haina kosa, nenda nje. Kwangu la kwanza halikukosa jibu. La pili lilikuwa linanyamaza kwa vipindi, likirudi.

Nje nako ni pakubwa. Wasomaji watakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa Afrika Kusini na nchi nzima ikataabika. Siku hiyo taa za kifaa changu zilikuwa kijani zote, kwa sababu njia kutoka kwangu hadi kwa kampuni ilikuwa nzima. Kilichokufa kilikuwa mbele ya safari. Kwa hiyo taa ni za kutazamwa kabla ya kukasirika. Kwenye kifaa changu kuna taa iliyoandikwa PON, ambayo laini ikiwa nzima inakaa kijani bila kupepesa, na jirani yake iliyoandikwa LOS, ambayo haipaswi kuonekana kabisa. Kila mtandao wangu ulipokatika, ile ya PON ilianza kupepesa, kisha LOS ikawaka nyekundu. Maana yake ni kwamba mwanga haufiki. Hapo hakuna suala la kifurushi, nywila, wala kuzima na kuwasha. Kuna glasi mahali fulani kati ya ukuta wangu na nguzo, au kati ya nguzo na mtambo, isiyopitisha.

Vifaa hivi pia vinakuonyesha kiasi cha mwanga vinachopokea. Ukifungua ukurasa wa kifaa kwenye kivinjari, kwa nywila ambayo mara nyingi imebandikwa chini yake, tafuta panapohusu faiba utakuta namba ya desibeli yenye alama ya kutoa mbele. Kadiri inavyozidi kushuka chini ya sifuri, ndivyo mwanga unavyopungua. Kifaa cha kawaida cha nyumbani kimetengenezwa kuona mwanga mpaka kama -27. Chini ya hapo kinapapasa. Na hizi si namba za kujumlisha kama shilingi, kila zikishuka tatu mwanga umepungua nusu. Asubuhi kwangu ilikuwa inasoma -23. Alasiri niliiona ikiwa -26, ikarudi -24, ikashuka -28, kisha taa nyekundu. Ikishuka kutoka -23 hadi -29, umebakiwa na robo ya mwanga uliokuwa nao wakati wa kunywa chai.

Binti yangu ndiye aliyegundua kinachoendana na namba hizo. “Baba, hebu angalia ule mgrevilea.” Waya wetu unatoka kwenye nguzo ya barabarani, unapita karibu na mti wa jirani, ndipo unaingia chini ya paa letu. Asubuhi Rau ni kimya, hata jani la mgomba halitikisiki. Mchana upepo unaanza, mti unainama, na waya unacheza nao. Tukawa tunakaa kibarazani, yeye ananisomea namba kwenye simu, mimi naangalia waya, na bila shaka wapita njia walidhani mzee ameanza kuota ndege. Upepo ukivuta, namba inashuka, ukitulia, inapanda.

Fundi alikuja mara ya kwanza, kijana wa mkandarasi, kwenye pikipiki, asubuhi na mapema. Alichomoa kichwa cha faiba, kile cha kijani, akakipangusa kwa spiriti na kitambaa, akaweka kipimo chake. Ikasoma -23. “Mzee, mwanga uko vizuri.” Nikamwomba asubiri upepo. Akacheka, nami sikushangaa, maana alikuwa na kazi nyingine za kuunganisha wateja wapya Shanty Town na Longuo, na yeye analipwa kwa kazi moja moja. Alikuwa kama daktari aliyeletewa mgonjwa wa homa ya vipindi saa ambayo homa imeshuka. Kipimo chake kilikuwa sahihi. Saa yake ndiyo haikuwa sahihi.

Nilipiga tena simu, safari hii nikiwa na daftari. Nilimsomea mhudumu namba za mwanga, saa zake, na hali ya upepo. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeona aibu kwa niaba ya mwingine: “Baba, hapa sina sehemu ya kuandika hayo. Nina sehemu ya kuchagua tu: haina intaneti, iko polepole, au mteja amebadili nywila.” Tukakubaliana aandike iko polepole. Ujumbe wa tatizo limetatuliwa ulifika kabla sijala.

Ndugu Mhariri, hapa ndipo ninapopataka pasomwe vizuri na wahusika. Mambo niliyoyaandika kwenye daftari langu, mtambo wao unayajua bila mimi. Kwenye mfumo huu wa faiba za majumbani, nyuzi moja inayotoka kwenye mtambo wa kampuni inagawanywa njiani na kuhudumia nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64. Mtambo unaweza kukiuliza kifaa cha kila nyumba kinapokea mwanga kiasi gani. Unaweza kuandika saa kilipopotea na saa kiliporudi. Zaidi ya hapo, kifaa cha mteja kikikatiwa umeme, hutumia chaji kidogo iliyobakia ndani yake kutuma taarifa kwamba kinazimika. Waya ukikatika au mwanga ukififia, taarifa hiyo haifiki, kinapotea tu. Kwa hiyo aliyeketi ofisini anaweza kutofautisha mteja aliyechomoa adapta na mteja aliyekatikiwa na waya. Na kama nyumba zote za mgawanyo mmoja zimepotea kwa pamoja, ubovu uko huko juu. Ikipotea moja peke yake, ubovu uko kwenye waya wake kutoka nguzo. Sisi tungetoa mshahara wa mwezi kupata kitu cha namna hiyo. Ilitubidi tutembee na ngazi.

Taarifa hizo zikiwepo, kwa nini mteja aulizwe kama amezima na kuwasha? Kuzima na kuwasha kuna kazi yake, sikatai. Ruta iliyoganda kwa joto inaamka. Lakini kwa hitilafu kama yangu kunaleta hasara. Kifaa changu kilikuwa kinatunza orodha fupi ya matukio, saa kilipopoteza mwanga na saa kilipoupata. Kila nilipokizima kwa kumtii mhudumu, orodha ilifutika. Nilikuwa naambiwa nifute ushahidi wangu mwenyewe, kisha naulizwa ushahidi uko wapi.

Mambo yalikwishaje? Laini ya jirani wa ng'ambo ya barabara ilikufa moja kwa moja. Yeye hakuwa na daftari wala namba za desibeli, alisema tu haina intaneti, kukawa na sehemu ya kuchagua. Akaja fundi mwingine, mtu mzima kidogo, alasiri yenye upepo wake. Nilimvizia chini ya nguzo ileile, kwa sababu waya wangu nao unaanzia hapo. Alinisikiliza, akaja nyumbani, akachomoa kichwa cha kijani, akaingiza kalamu yake ya leza nyekundu kwenye waya wangu, kisha akarudi kupanda.

Huko juu, pale waya unapofungwa kwenye nguzo, aliyeufunga mwanzo aliukaza kwa kibano akaupitisha juu ya ukingo wa chuma na kuukunja kwa nguvu ili usining'inie. Kila upepo ulipovuta, ukingo ule ulikuwa unausaga. Ganda jeusi lilikuwa limechubuka. Fundi alipaziba jua kwa kofia yake akaniita nitazame kutoka chini, na kweli, kwenye mchubuko palikuwa na nukta nyekundu inayong'aa, mwanga wa kalamu ukitoka ubavuni badala ya kuendelea na safari. Kiini kinachobeba mwanga ndani ya nyuzi ile kina upana wa mikroni 9 tu, unywele wa mtu ni mnene mara kadhaa kuliko hicho. Ukikikunja mno, mwanga unakosa kona na kutoka nje. Alikata kipande kibovu, akaunganisha upya kwa mashine yake ya kuyeyusha glasi, akaufunga waya kwa duara pana mbali na chuma. Kifaa kikasoma -21, na upepo wa jioni ile haukukisogeza.

Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko muda niliowahi kusikiliza muziki wa huduma kwa wateja. Kilichoirefusha ni kukosekana kwa mtu wa kuangalia mwenendo wa laini yangu badala ya hali yake ya dakika ile.

Ninachoomba kwa kampuni hakihitaji mtambo mpya. Mteja akisema intaneti inakatika na kurudi, mhudumu awe na sehemu ya kuchagua hivyo, na kompyuta yake imwonyeshe mwanga wa laini ile kwa wiki iliyopita, siyo kwa sekunde ile. Fundi atumwe saa ambazo rekodi inaonyesha laini inaugua. Tiketi ya namna hii, yaani kumbukumbu ya lalamiko la mteja, isifungwe na mtu aliyeko Dar es Salaam. Ifungwe mteja akiridhia, baada ya muda wa kutosha kupita bila kukatika. Na ule ujumbe wa tatizo limetatuliwa uandike tatizo lilikuwa nini na limetatuliwa vipi. Wakishindwa kuandika hivyo, wajue hawajalitatua. Kuhusu fedha, mwezi wote ule nililipa kifurushi kamili kama mtu aliyehudumiwa mchana na usiku. Nimeomba kupunguziwa. Nimejibiwa kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu, laini yangu haikuwa na hitilafu.

Kwa TCRA nina ombi dogo zaidi. Mamlaka hii ipo tangu 2003, ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini pale Arusha, na lipo pia Baraza la watumiaji wa huduma za mawasiliano la kututetea. Tunajua utaratibu: unaanza kulalamika kwa mtoa huduma, usiporidhika unakwenda kwao. Lakini mtoa huduma akiwa amefunga tiketi yako kila mara, unafika kwao ukiwa na rundo la matatizo yaliyotatuliwa. Naomba wanapokagua ubora wa huduma za faiba majumbani, wazitake kampuni zitoe rekodi za kupotea kwa mwanga, laini kwa laini, hata zile za dakika tatu. Rekodi hizo zipo kwenye mitambo. Mteja naye apewe haki ya kuziomba za laini yake, kama anavyopata taarifa ya akaunti yake benki.

Wakati huohuo, wenzangu mnaosumbuka: msizime kwanza. Pigeni picha taa zikiwa nyekundu, fungueni ukurasa wa kifaa mkapige picha namba ya mwanga, na saa ionekane. Hiyo nywila iliyobandikwa chini ya kifaa muibadilishe mkimaliza, maana mgeni yeyote wa sebuleni anaweza kuisoma.

Na kwa kampuni yangu, ambayo najua mtaisoma barua hii kwa kuwa mnajijua: kwenye nguzo ile ya Rau kuna waya nyingine zimefungwa na mtu yuleyule, kwa kibano kilekile, juu ya ukingo uleule wa chuma. Fundi wenu aliziona. Alisema hakuwa na tiketi zake. Wenye nyumba hizo bado wako hewani, hawajawapigia simu, na masika hayako mbali. Mtumeni mtu apande.

Wako,
Mstaafu, Rau, Moshi
(Jina na anwani unavyo, Mhariri, naomba visichapwe)